Kifumbu cha Ukindu kutoka Soko la Lamu

Kifumbu, yaani mfuko wa kusukwa wa kukamulia tui la nazi, nilichonunua kwa msusi mmoja katika soko lililo ubavuni mwa Ngome ya Lamu kimesukwa kwa ukindu mwembamba, na msuko wake umekazwa sawasawa hata ukikiinua kwenye mwanga huoni tundu lililozidi mengine kwa ukubwa. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukandwa kwa maji ya vuguvugu hutiwa ndani, kisha kifumbu hupopotolewa kwa mikono miwili. Tui la kwanza hutoka zito, lisilo na chembe, huku machicha yakibaki makavu, tayari kutiwa maji tena kwa tui la pili. Chujio la plastiki, ambalo sasa limejaa madukani, hupitisha machicha na halivumilii kukamuliwa.

Kasoro ipo. Kisipooshwa mara moja na kuanikwa juani, mafuta ya nazi huganda katika misuko na kuchacha, na harufu hiyo haiondoki kwa sabuni. Pindo la mdomo nalo limeachwa na ncha zinazochoma vidole, kazi ambayo msusi angeimaliza kwa kisu tu. Kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka ningekinunua tena. Kwa kuchujia chai, hapana.