Waya na vichwa vya RJ45 vilivyonigombanisha na kamera isiyo na kosa

Nianze kwa haki: mchana vilifanya kazi. Picha safi, mtandao unapita, kasi haina neno. Ndiyo maana ilinichukua karibu mwezi mzima kumjua mchawi.

Nilinunua boksi zima la waya wa mtandao na pakiti ya vichwa, vile vya plastiki vya kuchomekea mwisho wa waya, kwa ajili ya kamera za nje, zile za PoE zinazopata umeme na data kwa waya mmoja. Kila jioni, giza likiingia tu, kamera ya mbali inazimika. Inawaka, inazimika, inawaka tena. Asubuhi iko hai kama hakuna lililotokea. Nikaibadilisha. Mpya nayo ikazimika saa zile zile. Nikabadilisha swichi, kile kisanduku kinachozigawia kamera mtandao na umeme. Nikaapa sitagusa tena kamera za kampuni ile, ambayo leo naiomba radhi kimoyomoyo.

Nikarudi kwa muuzaji. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Taa ya swichi inawaka?"

Inawaka.

"Mtandao unapita?"

Unapita.

"Basi waya mzima, kaka. Tafuta fundi."

Mbele ya wateja wote! Nami nikaondoka kweli, nikijiuliza kama mjinga ni mimi. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Usiku mmoja nikapanda ngazi na kisu. Nikakwangua uzi mmoja, na chini ya wekundu wa shaba ukatokea weupe. Alumini! Shaba wameipaka juu juu kama mtu anayejipaka mafuta. Na boksi limeandikwa Cat6, yaani daraja la sita la waya wa mtandao, kwa herufi za kutisha, wakati viwango vya waya huo vinataka shaba tupu. Data haidai mkondo mkubwa, inapita bila kulalamika. Umeme ndio unaoumbuka. Swichi inayofuata kiwango cha PoE kilichotoka kwanza hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na waya wa shaba ukifika mita 100 kamera huhesabiwa kupata 12.95. Sasa ukinzani wa alumini, yaani jinsi inavyouzuia umeme, unauzidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Mchana kamera inakula kidogo, inavumilia. Giza likiingia inawasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, inataka zaidi, volti zinaporomoka, chali.

Vichwa navyo! Waya ule ni wa uzi mmoja mgumu, na jino la kichwa chake linatakiwa liwe na ncha tatu zinazoukumbatia uzi huku na huku. Nilivyouziwa ni vya waya laini wa nyuzi nyingi, ncha zake hutoboa katikati. Kwenye uzi mgumu zinateleza pembeni na kugusa kwa kubahatisha. Pini moja, yaani jino lenyewe, niliikuta imepiga weusi kama utambi.

Hapo nikiri: weusi ule huenda ni mkono wangu. Katika kuhangaika nilikuwa nachomoa na kuchomeka umeme ukiwa ndani, na kila ukichomoa hivyo cheche inakula dhahabu ya pini. Kwa hiyo labda nilitaka kuwaonea waliovitengeneza. Labda nyota tatu.

Lakini hapana. Kichwa kilichotengenezwa na mtu mwenye akili hupanga cheche ipige sehemu moja na pini zitulie kwenye sehemu nyingine. Hiki kilipangwa na nani?

Nimeng'oa vyote. Nimeweka shaba tupu na vichwa vya ncha tatu, na kamera ile ya kwanza, niliyoitukana, inakesha hadi alfajiri bila kupepesa. Ukiwa unaunganisha kompyuta tu, kipande kifupi, waya ule pengine utakufaa, sikatai. Nyota mbili basi.

Nikimkumbuka yule na simu yake, moja. Nayo ni ya boksi, limenifaa kuwekea misumari.