Kufungiwa injini ya pikapu nyumbani, Moshi: uzoefu wangu

Injini ya Hilux yangu, dizeli aina ya 5L, imefanyiwa ovahoo (kufumuliwa na kuundwa upya) mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza kila kitu kilifanyika gereji: niliacha gari, nikapigiwa simu, nikaenda kulichukua. Miezi mitatu haikuisha, ikaanza kugonga. Iliposhushwa, beringi za krenki zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana. Fundi aliyezikagua akaniuliza: siku ya kuwasha, nani aliiona taa ya oili ikizimika? Sikuwa na jibu. Sikuwepo.

Kwa hiyo safari hii, krenki ilipotoka kuchongwa na injini kuunganishwa upya, nilimlipa fundi huyohuyo aje kwangu Pasua aifunge nikiwa nimesimama pale. Ufundi laki tatu, cheni bloku ya kuinulia injini elfu ishirini kwa siku, siku mbili. Spea nilinunua mwenyewe.

Nilidhani tutatundika cheni kwenye mwembe. Akalitazama tawi, akakataa. "Meku, tawi halitoi taarifa." Akaenda akarudi na mabomba matatu mazito, akayasimamisha miguu mitatu. Uani kwangu ni udongo, kwa hiyo kila mguu ukawekewa kipande cha mbao nene usizame. Mwenye sakafu ya zege atapata urahisi zaidi.

Boneti na rejeta vilishatolewa. Kilichotula muda ni kukutanisha injini na gia boksi. Kwanza aliiweka sahani ya klachi katikati kwa shafti kuukuu ya gia boksi anayotembea nayo, ndipo akakaza presha pleti inayoibana. Gia boksi ikainuliwa kwa jeki, injini ikashuka mkia ukiwa chini. Likabaki pengo la vidole viwili. Nikachukua spana nivute kwa bolti, akanishika mkono: ukilazimisha hapo unapinda sahani au unapasua gamba la gia boksi. Akaingiza gia, akaniambia nizungushe krenki taratibu kwa mbele. Ikateleza ikakaa yenyewe. Nilifurahi kuliko siku niliyoinunua ile gari.

Siku ya pili alifika saa sita badala ya saa tatu, bila kupiga simu. Nilimwambia usoni, na hapa nalisema pia, maana mtu unakuwa umefunga shughuli zako kumsubiri.

Akafunga mauntingi zinazoshikilia injini, akarudisha rejeta. Waya wa ethi wa kwenda kwenye chesisi aliupiga msasa ncha zote mbili kabla ya kuukaza. Kisha tukafika kwenye jambo nililomlipia hasa. Alichomoa waya wa pampu ya dizeli ili injini isiwake, akaniweka kwenye usukani: piga starta sekunde kumi, ipumzike, piga tena. Macho yangu hayakutoka kwenye ile taa nyekundu. Mara ya nne ikazimika, ishara kwamba oili imeshapata presha. Hapo ndipo alipokubali kurudisha waya. Akapampu dizeli kwa mkono juu ya filta hadi ikawa ngumu, akalegeza nati za mabomba ya nozeli, mimi nikapiga starta hadi dizeli ikatoka bila povu, akazikaza. Ikashika. Moshi mweupe kidogo, halafu ukakata.

Hakutaka iungurume pale kwa muda mrefu. Alisema ringi mpya za pistoni zinahitaji kazi ili zikae kwenye silinda. Ukiiacha sailensa, inaunguruma tu bila kwenda, saa nzima, kuta zinang'aa na injini itakula oili. Tukaenda Boma Ng'ombe na kurudi, gari tupu, mwendo wa kupanda na kushuka. Jioni nikaona mpira wa maji ya hita unadondosha, klipu imechoka. Ilitakiwa aione kabla. Asubuhi alikuja na klipu mpya, hakudai kitu.

Oili na filta nilibadilisha kwenye kilomita 500. Sasa nimefikisha 3,800. Mara mbili kwa wiki napandisha mabua ya ng'ombe Marangu na kushuka na ndizi hadi soko la Mbuyuni. Kwenye kile kilima cha kutoka Himo mshale wa joto unabaki katikati, na stiki ya oili nikiichomoa asubuhi inasoma palepale.