NixOS kwenye seva zangu: usalama uliokaa kwenye maandishi

Seva za ofisi yetu hapa Mombasa zinatumia NixOS, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Kilichonivuta si kasi, ni kwamba mipangilio yote ya usalama iko kwenye maandishi. Unaandika mashine iweje, unapiga amri ya nixos-rebuild switch, inakuwa hivyo. Mambo yakienda mrama, unachagua toleo la nyuma kwenye menyu ya kuwashia mashine na kazi zinaendelea.

Ndani ya configuration.nix, faili la mipangilio hiyo, kuna mstari huu unaoiambia OpenSSH, huduma ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, isikubali nenosiri bali ufunguo wa kidijitali: services.openssh.settings.PasswordAuthentication = false; Juu yake nimeandika: "Kuingia ni kwa ufunguo tu. Fundi wa nje akiomba nenosiri, mtengenezee akaunti na ufunguo wake." Kijana anayenipokea zamu hana haja ya kunipigia simu usiku kuuliza sababu.

Ninachokipenda zaidi ni msimamo wake kwa programu zilizopitwa na wakati. Programu yetu moja ya uhasibu iling'ang'ania OpenSSL 1.1.1, maktaba ya kusimba mawasiliano, ambayo muda wake wa matunzo ya bure uliisha Septemba 2023. NixOS iligoma kabisa. Ili ikubali, lazima uandike kwenye permittedInsecurePackages, orodha ya programu zisizo salama unazoziruhusu, jina na namba kamili: openssl-1.1.1w. Basi hatari yenyewe imekaa wazi, kila anayefungua faili anaiona, na pembeni nimeweka tarehe ya kuiondoa.

Nyaraka zake zina sura mbili. Kila kipengele cha mipangilio kina maelezo yake ndani ya msimbo uleule, na mwongozo unatolewa humo, kwa hiyo man configuration.nix inakueleza toleo ulilonalo hasa, hata bando likikata. Ila ukitaka kujua vipengele vinavyogusana, utatangatanga. Chukua fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao: imewashwa tangu mwanzo, safi. Lakini ukiwasha OpenSSH, poti ya 22, mlango wake wa mtandao, inafunguka yenyewe, kwa kuwa kipengele cha openFirewall cha huduma hiyo ni true, yaani kimewashwa. Imeandikwa, sikatai, ila imeandikwa upande wa OpenSSH. Mkaguzi anayesoma allowedTCPPorts, orodha ya poti zilizofunguliwa, peke yake ataapa kwamba 22 imefungwa.

Kasoro kubwa ni siri. Unachokiandika kwenye mipangilio kinaishia kwenye folda ya /nix/store, na humo mtumiaji yeyote wa mashine anasoma. Nenosiri la hifadhidata ukiliweka pale, umelibandika ubaoni. Dawa ipo, sops-nix au agenix, zinazotunza siri zikiwa zimesimbwa, lakini hazimo ndani ya mfumo, unaziongeza mwenyewe. Mimi kwa hili nawakata alama.

Na marekebisho ya kitu cha msingi yanachelewa. Machi 2024, mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya wavamizi, ulipogunduliwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, tawi la unstable la NixOS, lile la matoleo mapya, lilikuwa na toleo lenye kasoro. Msimbo ule ulivizia ujenzi wa vifurushi vya deb na rpm, vya Linux za aina nyingine, hivyo kwenye NixOS haukuamka, ila kuitoa xz kulidai kujenga upya karibu kila kitu. Mimi seva za kazi naziweka kwenye tawi thabiti, linalotoka kila Mei na Novemba. Kila toleo linatunzwa kama miezi saba tu, kwa hiyo Juni na Desemba ni miezi ya kuhama, na pesa ya bando naiomba kwa mhasibu mapema, maana upakuaji wake si mchezo.