Uzoefu wangu: kuovakloki Ryzen 5 2600 kwenye joto la Dar

Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe, vifaa vingine vipya, vingine mtumba wa Kariakoo: prosesa ya Ryzen 5 2600, ubao mama wa B450, ram ya DDR4 gigabaiti 16 na keisi yenye feni mbili mbele. Kazi yake kubwa ni kuhariri video za harusi na sendofu, na usiku kucheza gemu kidogo. Nilikuwa sijawahi kugusa mambo ya ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Naandika kwa ajili ya mtu aliye hapo nilipokuwa, mwenye mashine ya kawaida na chumba kisicho na kiyoyozi, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 20. Februari hapa Dar chumba changu kinafika nyuzi 31 mchana, na hizo nyuzi 11 zinabadilisha kila kitu.

Prosesa yenyewe ilitoka mwaka 2018, ina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani yake), na imepangiwa gigahezi 3.4 ambazo hupanda zenyewe hadi 3.9 kazi ikiwa ya kiini kimoja au viwili. Viini vyote vikibanwa kwa pamoja, yangu ilikaa kwenye 3.6 na kitu. AMD, waliotengeneza Ryzen, wameiacha wazi, yaani unaruhusiwa kubadilisha kasi. Kikwazo kiko kwenye mazabodi, yaani huo ubao mama: B350, B450, X370 na X470 zinakubali, A320 haikubali. Ukienda kununua mtumba, soma maandishi ya kwenye ubao kwa macho yako, usitegemee mdomo wa muuzaji.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhusu prosesa, na mpaka leo ndicho nakipenda kuliko vyote. Stika ya ram yangu inasema 3200, lakini ukiichomeka tu inakimbia 2133. Inabidi uingie bayosi (ukurasa wa mipangilio wa ubao mama unaofunguka kabla ya Windows), utafute XMP, mpangilio unaoipa ram kasi iliyoandikwa kwenye stika (kwenye bao nyingine inaitwa DOCP au A-XMP), uiwashe, uhifadhi, utoke. Hapo ram inapanda kasi na volteji yake inakwenda 1.35. Kwenye Ryzen hizi njia ya ndani inayounganisha viini inafuata mwendo wa ram, kwa hiyo ram ikipanda, prosesa nzima inachangamka. Gemu iliyokuwa inakwamakwama kila nikigeuka haraka ikatulia. Niliiacha MemTest86, programu ya kupima ram, ijipimie usiku kucha, ikatoka bila kosa hata moja. Yuko mtu ana mashine kama hii mwaka wa tatu na hajawahi kuiwasha hiyo XMP, na inaniuma, maana ni dakika mbili tu na haigharimu kitu.

Baada ya hapo ndiyo nikaja kwenye joto. Feni fupi inayokuja boksini na prosesa hii imetengenezwa kwa wati 65 na kazi hiyo inaifanya. Kuovakloki ni habari nyingine: ukipandisha volteji, umeme unaoliwa unaongezeka kwa haraka kuliko kasi unayoipata. Prosesa ina kikomo cha nyuzi 95, na mimi sikutaka hata kukisogelea. Nikanunua hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya mnara, ile ndefu yenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki niliweka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya bati la prosesa, nikakaza skrubu kwa kupishanisha kona, zamu kwa zamu, ili ikae sawa. Pima upana wa keisi kabla ya kununua, kwa sababu minara hii ina sentimita 15 au 16 kwenda juu na kwenye keisi nyembamba mfuniko haufungi.

Nilipandisha kidogokidogo: 3.8, kisha 3.9, kisha 4.0, kila hatua nikipima kwa Prime95, programu inayoibana prosesa kwa hesabu nzito, huku programu ya HWiNFO ikinionyesha joto na volteji. Kwa gigahezi 4.0 kwenye viini vyote yangu ilitulia kwa volti 1.3. Joto chini ya mzigo mzito lilikuwa nyuzi 77 mchana wa jua kali. Nikajaribu 4.1. Windows ikafunguka vizuri, gemu ikaenda, mtu angeapa kwamba imekubali. Prime95 haikukaa dakika tano kabla ya kusimamisha kiini kimoja kwa kosa la hesabu. Kukubali kabisa ilitaka volti 1.4, na joto likawa linaikimbilia 90. Nikarudi 4.0 bila kinyongo. Prosesa hazifanani hata zikitoka boksi la aina moja, kwa hiyo namba zangu zichukue kama mwanzo wa safari yako tu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukishaweka kasi kwa mkono, ule uwezo wa kupanda wenyewe hadi 3.9 unazimika. Ukiishia 3.8 umeongeza nguvu kwenye video lakini umepunguza kwenye programu zinazotumia kiini kimoja, na gemu nyingi za zamani ni hivyo. Kwa hiyo kama yako haifiki 4.0 kwa joto la kueleweka, iache ijiendeshe na ubaki na faida ya ram.

Mwisho wa siku, alama za Cinebench R20, programu ya kupima nguvu ya prosesa, zilitoka kwenye kama 2,700 zikazidi kidogo 2,900. Video ndefu ya harusi sasa inamaliza kurenda (kutengenezwa kuwa faili la mwisho) mapema kwa dakika kadhaa. Kwangu dakika hizo zina thamani, mteja anasubiri flashi mlangoni. Upande wa pili, prosesa ilikuwa ikivuta wati 70 na kitu chini ya mzigo, sasa inapita 100, na LUKU inalijua hilo.

Kama mazabodi ikigoma kuwaka baada ya mabadiliko, usitetemeke. Nyingi hujaribu mara kadhaa zenyewe kisha zinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Zisiporudi, zima, chomoa waya wa umeme, gusisha zile pini mbili za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya bayosi) au toa betri ya CR2032 kwa dakika chache. Ila fahamu kwamba dhamana ya AMD haifidii prosesa iliyoharibika kwa ovakloki. Pia pawa saplai isiwe ile ya bei ya kutupa, na umeme wetu unaokatika ovyo unadai UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kabla hujafikiria feni ya kifahari.

Wenye Ryzen 5000 kwenda juu, kuweka kasi moja kwa mkono sikushauri. Tumieni PBO, mpangilio wa AMD wa kuovakloki wenyewe, inapandisha kwa akili kulingana na joto lililopo. Wa Intel, bila prosesa yenye herufi K na ubao wa Z hakuna mnachoweza kufanya upande wa prosesa, ila kwenye bao nyingi XMP itawaka. Na vumbi la hapa futeni kila mwezi. Hitisinki yangu ikijaa, zile nyuzi 77 zinakuwa 82 bila mimi kugusa bayosi.