Kununua Tunguu la Mlanzi: Tazama Macho, Usitazame Urefu

Msimu wa mvua uliopita nilinunua miche minane ya mlanzi, yaani mwanzi unaogemwa pombe ya ulanzi, kando ya barabara hapa Iringa mjini, nikaipanda nyuma ya nyumba mahali penye unyevu, na mvua zilipokatika ilikuwa imebaki miwili. Muuzaji alipanga bei kwa urefu: mche wa kufika kiunoni shilingi 3,000, wa kufika kichwani shilingi 5,000. Nilichukua mirefu mitupu, nikiamini kwamba nimejipunguzia miaka ya kuusubiri ulanzi wangu mwenyewe.

Nilipoung'oa wa kwanza kati ya ile iliyokufa, nikauosha kwenye beseni, ndipo nilipoona nilichouziwa. Chini ya ule mwanzi mrefu palikuwa na kisigino kifupi cha tunguu, yaani shina nene linalokaa chini ya udongo, kimekatwa kwa panga kama mtu anavyokata muwa, na pembeni mwake hapakuwa na jicho la kuchipua hata moja lililo hai. Yaliyokuwepo yalikuwa meusi, na nilipoyabonyeza kwa ukucha yalibonyea yakiwa matupu ndani.

Jambo hili wanunuzi wengi hawaliangalii, nami sikuliangalia. Mwanzi ukishamaliza msimu wake wa kwanza wa kukua haurefuki tena wala haunenepi, hata ukae shambani miaka mingapi. Ulanzi nao hugemwa kwenye chipukizi changa, ambalo ncha yake hukatwa na kidonda chake kufanywa upya asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kudondoka kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia; na chipukizi hilo halitoki popote isipokuwa kwenye jicho la tunguu lililo chini ya udongo. Kwa hiyo anayelipia urefu analipia kitu ambacho hakitaongezeka kamwe, na kile kitakachompa ulanzi anakichukua bila kukitazama.

Chaguo langu la kwanza, na sioni haja ya kuficha upendeleo wangu, ni tunguu linalochimbwa na mgema mwenyewe kijijini, mbele ya macho yako. Mgema anazijua tabia za kila kichaka chake: anajua kipi hutoa machipukizi manene, kipi hukauka mapema, na mwanzi upi ulitoka mwaka jana. Umri huo ni muhimu sana, kwa sababu tunguu la mwanzi wa mwaka mmoja au miwili ndilo lenye macho yenye nguvu, ilhali la mwanzi mkongwe macho yake mara nyingi yamekwisha kufa. Mwanzi mchanga utaujua kwa maganda ambayo bado yameshikilia kwenye mafundo na kwa ngozi safi. Mkongwe huwa na madoa ya kijivu na matawi mengi. Mzee mmoja wa upande wa Kilolo, niliyemwendea baada ya hasara yangu, alifukua taratibu kwa jembe mpaka ile shingo nyembamba inayounganisha tunguu na mama yake ikaonekana, akakata hapo hapo shingoni, kisha akanigeuzia tunguu na kusema, "Hesabu mwenyewe, mwanangu." Nilihesabu macho manne, yamefunikwa na magamba ya rangi ya maziwa, magumu yakiguswa. Mwanzi wenyewe aliupunguza ukabaki na mafundo matatu tu, jambo ambalo muuzaji wa barabarani asingethubutu kulifanya kwa kuwa angekuwa anaikata bei yake mwenyewe.

Swali moja usiache kumuuliza mgema: je, kuna vichaka vilivyochanua maua karibu? Mianzi huchanua baada ya miaka mingi, na kichaka kikishachanua kwa kawaida hufa. Tunguu lililokatwa kwake hubeba umri wa mama yake, hivyo unaweza kununua mche unaoonekana mchanga kumbe siku zake zimekaribia.

Chaguo la pili ni mche wa kwenye mfuko kutoka kitaluni. Ubaya wake ni kwamba baadhi hutokana na vipande vya mwanzi vilivyozikwa, ambavyo hutoa majani na mizizi bila kujenga tunguu, vikapendeza kwa miezi kadhaa kisha vikafa. Mwombe muuzaji akuonyeshe chipukizi jipya lililotoka chini ya udongo, si tawi lililotoka kwenye fundo. Hakikisha pia kwamba ni mlanzi kweli, kwa maana mwanzi wa njano wa mapambo unauzwa humo humo na haugemwi ulanzi. Mlanzi ukikatwa karibu na chini una nyama nene, karibu kujaa kabisa.

Mbegu ni rahisi kwa bei, lakini kwa bustani ya nyumbani siipendekezi, kwani utasubiri mno.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wauzaji wa barabarani hawakuruhusu kuutikisa udongo. Ukiomba kulitazama tunguu unaambiwa, "Dada, ukilifunua litakufa," na maneno hayo si kweli ikiwa utalifunga papo hapo kwenye gunia lililoloweshwa. Udongo ule unaficha panga lilipopita. Bidhaa ambayo thamani yake yote iko chini haifai kuuzwa kwa kipimo cha juu, na mimi sinunui tena kwa mtu anayekataa kufunua.

Matunguu yangu matatu ya Kilolo yalisafiri ndani ya gunia bichi, yakapandwa jioni ile ile mvua zilipokuwa zimekolea, yakiwa yamelazwa kidogo ili macho yaelekee pembeni. Mawili yameshatoa machipukizi. La tatu nimelifukua kwa vidole juzi, na macho yake bado ni magumu.