Valvu za maji Mombasa: ipi ununue kwanza, ipi uiache hapo hapo kaunta

Mwaka jana tulikaa siku tatu tukinunua maji ya boza, na kumbe maji ya mfereji yako mlangoni yatungoja. Mimi nasimamia maji na mashine kwenye londri inayofua mashuka ya hoteli huku kaskazini ya kisiwa, na hizo siku tatu kila asubuhi nilikuwa naenda pale kwenye mita, nafungua geti valvu ya inchi mbili, ile ya gurudumu linalopandisha na kushusha kabari ndani ya bomba, mpaka mwisho, gurudumu lazunguka laini kabisa, tangi la chini halipati hata tone, basi nikasema ni mgao tu, nani Mombasa atashangaa mgao. Siku ya tatu jirani akaniuliza mbona nyinyi mwanunua maji na sisi yatoka tangu juzi? Ndio nikamwita mzee mmoja fundi wa Likoni, akaja na spana yake moja tu, akaigonga ile valvu mara mbili akatega sikio, akaniambia "mwanangu, hii utaizungusha mpaka Idi." Tukafunga kule mitani, akaifungua kichwa. Ile kabari ya ndani imeanguka chini imekaa zake, shingo iliyoshikana na spindo, ile fimbo inayozungushwa na gurudumu, imelika, na pale palipokatika si manjano tena, pana rangi ya waridi iliyopauka, kama ufizi. Ukikwaruza kwa kucha yatoka vumbi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukagua valvu dukani kama mama anavyofunua shavu la samaki kabla hajatoa pesa. Haya ndio niliyoyapata, nimeyapanga kwa daraja, ni kwa wenye majumba ya kupangisha, londri, kiwanda cha barafu, kaa woshi, yeyote mwenye pampu na tangi na mabomba ya kuanzia nusu inchi mpaka inchi sita. Ya stimu na maji ya boila siyaingizi hapa, hayo ni mambo mengine na ukikosea yaunguza mtu.

Kabla ya kupanga daraja, ujue maji yetu. Mombasa haina mto wake, maji ya mfereji yaja kutoka mbali, Mzima kule Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Yakifika yaja kwa zamu, na bomba lililokaa tupu siku nne likipata maji latanguliza hewa, halafu kutu, halafu mchanga, ndio maji. Wengi wetu pia tuna kisima, na chini yetu ni mawe ya matumbawe, kwa hivyo kisima chakupa chokaa na karibu na bahari chakupa chumvi juu yake. Na hata valvu isiyoguswa na maji ya chumvi yalika kwa nje na upepo wa bahari. Katalogi nyingi hazikuandikiwa sisi, yaani valvu iliyodumu miaka ishirini Nairobi hapa yaweza kukufia kwa minne.

Namba moja, kwa nusu inchi mpaka inchi mbili: bol valvu, ile ya mkono na tufe lenye tundu ndani, ya brasi yenye alama ya CR au DZR. Brasi ni shaba na zinki zimechanganywa, na maji yenye chumvi huichomoa zinki kwanza ikabaki shaba yenye vitundu kama sponji, ndio ule ufizi niliouona. Hizo herufi zimechongwa ubavuni, zamaanisha hiyo brasi imetengenezwa isichomolewe zinki. Bei yake hupita ile ya kawaida na muuzaji atakwambia "zote sawa bosi," si sawa. Chukua ya tundu kamili, yaani ukichungulia ndani tundu la ile tufe lilingane na bomba, kuna zingine kwa nje ni inchi moja na kwa ndani kidole chapita kwa shida, halafu watu walaumu pampu. Bol valvu naiweka juu kwa sababu ya mgao: robo mzunguko imefunga, ukiangalia mkono wake tu wajua iko wazi au imefungwa, mkono ukilala sambamba na bomba maji yapita. Ile geti yangu haikunionyesha kitu siku tatu.

Angalia na mkono wenyewe. Valvu nyingi mwili ni mzuri lakini mkono ni chuma kilichopakwa rangi nyekundu, mwaka wa pili chumvi imeshakula, washika mkono wabaki nao mkononi. Tafuta mkono na nati za stenlesi. Halafu beba sumaku ndogo, ile ya mlango wa friji yatosha, iguse ile tufe ya ndani: ikinasa ujue ni chuma kilichopakwa kromu, rangi ikibambuka yakwaruza pete zake za tefloni na maji hayazibiki tena. Ikiwa haikunasa hapo sawa, ingawa sumaku haitakwambia kama mwili ni brasi au ni zinki iliyopigwa rangi, hapo watumia uzito. Zishike mbili za saizi moja, moja mkono huu moja mkono huu, nyepesi irudishe.

Namba mbili, na kwa kisima cha chumvi hii ndio namba moja: bol valvu ya plastiki ngumu yenye yunioni, yaani nati kubwa ya kuifungua kutoka kwenye bomba, pande zote mbili. Najua mafundi wengi wataguna, plastiki waiona ni ya maskini. Lakini chumvi haili plastiki, na ile yenye yunioni ikianza kuvuja waifungua kwa mkono, watoa raba, warudisha, hukati bomba. Adui yake ni mawili. Jua, ikikaa juu ya paa miaka michache yakauka na kupasuka kama kigae, kwa hivyo ipake rangi ya maji nyeupe au ifunike. Na fundi mwenye nguvu: usikubali aingize tredi ya chuma ndani ya tredi ya plastiki, chuma kikikazwa chapanua plastiki na inapasuka usiku, siku zote ya plastiki ndio iingie ndani ya ya chuma. Maji moto usiipitishie.

Namba tatu, lakini kwa inchi tatu kwenda juu haina mpinzani: geti valvu ya chuma ya flanji, yaani yenye sahani ya matundu ya bolti kila upande, na kabari iliyovikwa raba. Zile za bluu. Bluu ni epoksi ya unga iliyookwa, na nzuri huwa imepakwa ndani na nje, basi ingiza kidole ndani upapase, ukikuta chuma kitupu au rangi ina vipele, iache. Chini ndani kuwe laini bila mfereji, kwa sababu zile za zamani zina mfereji ambao kabari huingia, na mfereji ndio nyumba ya mchanga, ukifunga kabari yakalia mchanga na maji yaendelea kupita. Hii ya raba yakanyaga sakafu laini, mchanga hupita.

Ya inchi nne yafungwa kwa mizunguko ishirini hivi na hilo ni jambo jema, usilione taabu. Maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde kwenye bomba la chuma ukiyasimamisha ghafla, presha yaruka kwa zaidi ya baa 20, na valvu yenyewe imeandikwa PN16, yaani baa 16. Ule mlio wa "dum!" ukutani ndio huo. Kwa mabomba makubwa ufungaji wa polepole ni afya.

Sasa flanji, hapa pamelia wengi. Majengo ya zamani ya Shimanzi na Changamwe bado yana flanji za kipimo cha Kiingereza cha zamani, mafundi waziita Tebo D na Tebo E, na valvu mpya zaja na PN16. Ya inchi nne Tebo D ina matundu manne, Tebo E ina manane na duara la matundu ni milimita 178, PN16 pia ina manane na duara ni 180. Milimita mbili, jicho halioni, waibeba mpaka saiti na bolti ya nane yakataa kuingia, fundi achukua nyundo. Na inchi nane ni hatari zaidi, PN10 ina matundu 8 na PN16 ina 12. Piga picha ya flanji yako, hesabu matundu, pima kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya lile linaloelekeana nalo, ndio uende dukani.

Namba nne: bataflai, ile ya sahani inayogeuka katikati ya bomba. Nyepesi, rahisi, haichukui nafasi, kwa inchi nne na zaidi bei yake yavutia sana ukilinganisha na geti. Nilikuwa siitaki, nimelegea kidogo. Ukinunua, sahani ya kati iwe stenlesi, itakuwa imeandikwa CF8M, hiyo ni 316, na CF8 bila M ni 304 ambayo kwa chumvi yetu yapata vidoti vya kutu. Karibu na pampu chukua ile yenye masikio ya tredi, waweza kuitoa pampu upande mmoja na valvu ikabaki inazuia maji. Halafu mwambie fundi asiongeze gasketi, ile raba yake ndio gasketi, na akikaza bolti sahani iwe imefunguliwa, wengi wakaza ikiwa imefungwa kabisa, raba yaing'ang'ania sahani, kuifungua baadaye wapasua raba.

Namba tano: bol valvu ya stenlesi. Si mbaya, ni pesa tu. Kama maji yako yana chumvi na joto na plastiki haifai, nunua 316, ingawa chumvi kali yenye joto hata hiyo yaweza kuila. Lakini sumaku haitenganishi 304 na 316, soma herufi mwilini, na ikiwa haina herufi jibu unalo.

Ya mwisho: geti valvu ya brasi, ile ya gurudumu jekundu. Ndio inayouzwa zaidi na ndio iliyonilaza njaa ya maji. Kabari nyembamba, spindo nyembamba, haipendi mchanga na haipendi kukaa bila kuguswa, na haikwambii ikifa. Ukiwa nayo tayari, usiing'oe leo, ila ikifika mwisho wa kufungua irudishe nusu mzunguko, na kila mwezi ifunge uifungue hata kama huna haja, chokaa isipate nafasi ya kuishika.

Nonritani, valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, sikuipanga kwa sababu huna budi uwe nayo. Kama pampu yanguruma asubuhi bila kutoa maji mpaka uijaze kwa ndoo, hiyo ni futi valvu kule chini ya kisima yapitisha, mara nyingi jiwe dogo au jani tu, ivue uioshe kabla hujaambiwa pampu imekufa. Ile ya kibati kinachobembea iweke ilale au maji yapande juu, ukiiweka maji yashuka yaning'inia wazi. Ya springi yakaa popote na haina mshindo.

Kuvuja pia kuna lugha yake. Ikivuja kwenye shina, chini ya mkono au gurudumu, usinunue kitu, kaza nati ya glandi, ile inayozunguka shina, kwa robo mzunguko, ukizidisha valvu yashindwa kuzunguka. Ikifungwa na bado yapitisha, ifungue na kuifunga mara tatu nne maji yakiwa na nguvu yasukume uchafu, ikikataa ndio raba au pete zimekwisha. Na bol valvu usiiache nusu wazi kupunguza maji, mtu akitaka kupunguza anunue globu, valvu ya kupunguzia maji, kwa sababu maji yanayopita kwa upenyo yachonga pete za bol valvu upande mmoja. Nilizikuta sita hivyo siku moja, zote za choo, zote kazi ya fundi mmoja.

Bolkoki ya tangi la chini, ile valvu ya boya inayofunga maji tangi likijaa, nayo usiifanyie ubahili, maji ya mgao yapenda kuja saa nane usiku na nguvu zote, mkono wa plastiki wakatika na wewe umelala, asubuhi bili ni ya bahari. Nunua ya mkono wa brasi.

Ile geti yangu ya zamani nimeiweka juu ya rafu ya stoo. Jamaa wa skrepa hupita kila Jumamosi na mizani yake, akaiona akachangamka, brasi ya inchi mbili hiyo, akaipima, akaikwaruza kwa msumari, akaikwaruza tena pale kwenye ufizi, akairudisha rafuni akaniuliza kama nina chupa.