Vya kuhifadhia zana kwenye karakana ya ngozi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Karakana nyingi za ngozi hapa Dar ziko kwenye fremu ya kupanga, chumba cha uani au baraza iliyozungushiwa nondo. Hilo linaamua mengi kabla hujatoa hela. Mwenye nyumba huenda hataki ukuta wake utobolewe. Kodi ya miezi sita ikiisha unaweza kuhama na kila kitu. Na unyevu wa pwani ni mpangaji mwenzako mwaka mzima, hasa masika, Machi hadi Mei, chuma kinapopiga kutu hata bila kuguswa na maji.

Kwa hiyo orodha hii haifuati uzuri wa picha. Kifaa kinachopanda juu ni kile kinachohamishika, kinachoacha hewa ipite palipo na chuma, na kinachokuonyesha kilichomo bila kukifungua. Bei sitaji, kwa sababu Kariakoo bei ni mdomo wako na kwa mafundi ni maelewano. Nitasema tu kipi kinakula hela kuliko kingine.

Kabla ya yote, mwaga vitu vyako vyote mezani na uvitenge kwa kazi: kupima na kukata, kutoboa, kushona, kugonga vifungo, kumalizia kingo. Ndani ya kila fungu toa vile unavyovishika kila siku. Hivyo vya kila siku huwa vichache kuliko ulivyodhani, na ndivyo vya kutafutia makao bora. Ukianza na kununua makabati, utajikuta unapanga zana kufuata ukubwa wa droo.

1. Kigogo cha mbao chenye matundu

Hiki ndicho cha kwanza, na ndicho rahisi kuliko vyote. Ni kipande cha mbao nene kinachokaa mezani, kimetobolewa matundu ya kusimamishia misharasi (sindano nene za kutobolea ngozi), panchi, vitobolea vya meno na visu vidogo. Mkono unaenda moja kwa moja, jicho linaona pengo mara moja zana ikikosekana, na ncha zote zimefichwa.

Usikitafute dukani. Nenda kwa maseremala wa Keko au fundi yeyote wa mtaani kwako, uulizie vipande vilivyobaki vya mninga au mitiki. Paini nayo inafaa, ila hakikisha imekauka. Mbao mbichi ikishatobolewa inakuja kupinda, matundu yanabana, na maji yake yanaingia kwenye chuma chako. Ipime kwa kushika: kipande kibichi ni kizito kuliko kinavyoonekana na kinatoa ubaridi kiganjani.

Nenda na zana zako, usiende na vipimo vya kichwani. Kila tundu lizidi mguu wa zana kwa milimita moja hivi, na liwe refu kiasi kwamba ncha ya msharasi haigusi chini. Panchi zenyewe zipange kwa ukubwa, ndogo kushoto. Mwambie fundi aache nafasi ya vidole viwili kati ya safu na safu, maana maseremala hupenda kubananisha ili kipande kitoshe, nawe ukija kuchomoa panchi ya katikati unaangusha tatu. Safu ya nyuma iinuliwe kidogo, au matundu yalazwe mshazari kuelekea kwako. Usikubali kigogo kipigwe vanishi ndani ya matundu. Kitambaa chenye mafuta ya cherehani kikipitishwa kwenye zana mara kwa mara kinatosha.

2. Visanduku vya plastiki vya vyumba vyumba

Kwa riveti, vifungo, pete na bizimu (zile bakoli za mkanda), hakuna kinachovishinda. Kariakoo vimejaa, vingine vinauzwa kama vya shanga, vingine vya ndoano za kuvulia. Tofauti kati ya kizuri na kibovu haionekani kwa kukitazama, kwa hiyo nenda na riveti kumi mfukoni. Weka tano kwenye chumba kimoja cha pembeni, funga, pindua kisanduku juu chini, kitikise mbele ya muuzaji, halafu fungua. Zikiwa zimehamia chumba cha jirani, kuta za ndani hazifiki kwenye kifuniko, na siku kikidondoka utakuwa na mchanganyiko wa kuchambua hadi usiku. Rudisha, hata kama utaambiwa "bosi, hiyo orijino."

Tazama pia bawaba. Zile ambazo ni plastiki iliyokunjwa tu hukatika mapema, na kisanduku kikiwa dirishani kwenye jua hukatika mapema zaidi. Chukua chenye kifuniko angavu. Kiwe kidogo, maana bizimu za shaba ni nzito na kisanduku kikubwa kikijaa hukipandishi rafu kwa mkono mmoja.

Hapa ndipo mpangilio unapolipa. Kifungo kimoja cha kubonyeza ni vipande vinne: kofia, jike, dume na kitako. Vifungo hivi huuzwa kwa namba za ukubwa: kofia ya namba 24 ina upana wa milimita 15 hivi, ya namba 20 ni 12 na nusu. Zikiwa zimechanganyika kiganjani, na taa ya fremu hafifu, unaokota yoyote. Lakini dume la 20 halishiki kwenye jike la 24, na kigongeo, kile chuma cha kugongea kifungo, kikiwa kidogo na kupigwa juu ya kofia kubwa kinaacha duara usoni ambalo mteja analiona kabla hujamtajia bei. Basi vipande vinne vya namba moja vikae vyumba vinne vya mstari mmoja, na kigongeo chake kiwe chumba cha tano, humo humo. Namba ya pili ipate kisanduku chake.

Riveti zitenge kwa urefu wa mguu, rangi ije baadaye. Mguu unatakiwa uzidi unene wa ngozi zote kwa milimita 3 hivi. Ngozi mbili za milimita 2 zinataka mguu wa karibu milimita 7. Andika urefu huo juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika.

Jambo moja dogo linalohusu kuhifadhi ingawa linaanzia kwenye kununua: tembea na sumaku. Bizimu inayonaswa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba au fedha, na itashika kutu ndani ya kisanduku kilichofungwa ikiwa imeingia na unyevu. Isiyonaswa inaweza kuwa shaba au aloi ya zinki. Ikwaruze kidogo upande wa nyuma, shaba itabaki ya njano. Vya chuma vipe kisanduku chao na vile vipaketi vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Wauza viatu wanavitupa, waombe.

3. Wavu wa chuma wa kutundikia

Namaanisha zile nyavu ambazo wenye maduka ya nguo na makava ya simu wanatundikia bidhaa. Kwa mikasi, nyundo, koleo, rula ya chuma, roli za uzi na patani za karatasi ngumu, zinafaa kuliko ubao wa matundu unaouonyeshwa kwenye video za nje. Ubao ule kwa kawaida ni hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na hadibodi kwenye hewa yetu hunywa maji, ikavimba kandokando ya matundu na kulegeza ndoano. Wavu haunywi kitu, hewa inapita nyuma ya zana, na hauhitaji ukuta: unauegemeza nyuma ya meza na kuufunga kwa waya kwenye nondo za dirisha. Ukihama unaubeba begani.

Ubonyeze kwa dole gumba katikati. Ukiyumba, hautabeba nyundo. Kagua maungio yaliyochomelewa, na ununue ndoano pale pale huku ukizijaribu, kwa sababu nafasi za nyavu hazifanani duka na duka. Wa kutumia mtaji kidogo anaweza kupata wavu uliotumika, duka likifungwa. Palipokwaruzika piga rangi kabla kutu haijaanza kushuka kwenye ngozi iliyo chini yake.

4. Kabati la droo

Wengi wangeliweka la kwanza. Ni zuri, linakula hela kuliko yote hapa, na fundi anayejua kazi atakupa kitu cha kudumu. Nimelishusha kwa sababu droo inaficha, na kinachofichwa kinanunuliwa mara mbili. Pia halihami kwa urahisi.

Ukiamua, agiza droo nyingi fupi, kina cha sentimita 5 hadi 7, badala ya tatu ndefu ambamo vitu vitalaliana. Sakafu ya droo iwe plaiwudi, si hadibodi, la sivyo kilo chache za bizimu zitaitoboa. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, iepuke kabisa kwenye sehemu za chini: deki moja ya maji mengi, inaumuka na haikauki kurudi ilivyokuwa. Miguu iinue kabati sentimita 15 angalau, na kama karakana yako iko karibu na Bonde la Msimbazi, linalofurika mvua zikizidi, iinue zaidi na ngozi zako uziweke rafu ya juu.

5. Sanduku la chuma la fundi

Linafungwa kwa kufuli, basi. Kwa anayebeba kazi kwenda Sabasaba au kwa wateja linafaa. Kama makao ya kila siku ni shimo, kila unachokitaka kiko chini.

6. Mkunjo wa ngozi wa kuvirigia zana

Huu unavutia macho, na kila fundi wa ngozi anatamani kuonekana nao. Tatizo liko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu huzaa weusi wa buluu. Ndiyo kemia iliyotumika zamani kutengeneza wino. Zana inashika kutu, ngozi inashika doa lisilotoka kwa kuosha. Mahali pakavu ungeweza kuvumilia. Hapa, tengeneza mkunjo wa turubai la pamba, uupambe kwa mkanda mmoja wa ngozi wa kufungia, na utumie kusafiria tu.

7. Makopo

Makopo ya siagi na ndoo za aiskrimu hayana gharama, na mahali pake ni brashi, vipande vya msasa na vijiti vya kupakia gundi. Vifungo humo hapana, kwa sababu utavimwaga vyote ili upate kimoja. Gundi yenyewe usiihamishie kwenye kopo lolote la jikoni. Iache kwenye kopo lake, kifuniko kikaze, na iwekwe mbali na jiko na sehemu mnayopashia pasi, kwa sababu mvuke wake unashika moto kabla ya gundi yenyewe.